Dereva Aliyelitambua Jiwe Jeupe

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Breki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na darasa hilohilo ndilo alilotupiwa usoni maisha yake yote na watu waliosoma zaidi yake lakini wakaona machache kuliko yeye.

Tarehe 2 Juni 1984 aliajiriwa kuwa dereva wa ofisi ya utafiti wa madini, na mwaka 1988 akamwoa mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto wanne.

Tarehe 19 Agosti 2009, machimboni, mkuu wake wa kazi, mtaalamu mwenye vyeti vinne ukutani, aliokota jiwe jeupe, akasema ni felspa, jiwe la kutengenezea vigae, akalitupa. Baba aliliokota, akaliona zito kuliko felspa ya ukubwa uleule, akalisaga kidogo kama alivyozoea kuwaona wapimaji wakifanya, akaulowesha unga kwa tone la tindikali ya betri, akauchovya kwa waya na kuuweka kwenye moto wa jiko la chai, ukawaka kijani cha fosfati, kisha wekundu wa lithiamu, madini ya betri za simu. Alipomwonyesha mkuu alijibiwa, "Mzee Breki, wewe shika usukani, mawe tuachie tuliosoma," na wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba alilipeleka maabara mwenyewe, majibu yakaja ofisini kwamba ni ambligoniti, fosfati adimu, na baada ya miezi miwili jiwe likawa kwenye kabati la vioo, na kibandiko kikisema limetambuliwa na nani? Na yuleyule aliyelitupa.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2017. Tarehe 6 Januari 2019 mkuu alifika kitandani, bila hata chungwa moja, na karatasi ya kumtaka akiri kwamba alilibeba tu lile jiwe, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuuliza. Baba aliisoma mstari kwa mstari, akairudisha pamoja na kalamu bila kutia sahihi, akasema, "Bosi, nimekuendesha miaka thelathini, na hujawahi kujua tulikopita." Alifariki tarehe 11 Februari 2019, saa nne asubuhi.

Jana ofisi ilileta maneno yake tuyasome hapa, yanayomwita baba dereva mtiifu na kunyamaza juu ya jiwe. Hatutayasoma. Mpimaji wa maabara aliyelipokea jiwe mkononi mwa baba ameketi pamoja nasi, mwenye shaka amuulize.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, madereva wenzake waliochimba kaburi tangu asubuhi, na mpimaji huyo kwa ujasiri wake. Bosi naye tunamshukuru kwa kuja, tunajua leo imembidi aendeshe mwenyewe.

Baba, upumzike kwa amani, wenye la kujibu tumebaki nao huku.