Nyasi Zilizotembea Zenyewe: Maisha ya Marehemu Petronila Kokugonza Ishengoma (1987–2025)

Zamani mgeni aliingia nyumbani kwa Mhaya akakuta nyasi mbichi zimetandikwa sakafuni, akakaa, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kukaa. Siku hizi tuna vigae ving'aavyo mpaka mtu anajiona meno, na mtoto asiyeweza kuvikalia hurudishwa kwao.

Maelezo haya ameyaandika baba mzazi wa marehemu. Ameagiza anayesoma asiruke mstari, hata akikonyezwa na wenye suti.

Petronila alizaliwa tarehe 3 Mei 1987 hapa Kamachumu, wilayani Muleba, ndani ya kibanja hiki cha migomba mnachokikanyaga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ishengoma na marehemu Mama Sabina. Nyumba ilikuwa bado msonge. Kila Jumamosi wanawake walipanda rweya, ule uwanda wa nyasi juu ya kijiji, wakakata nyasi laini za kutandika, na zile zilizochakaa zikaenda kulisha migomba. Alipokuwa na miaka sita Petronila alikataa kubebewa. Alijitwisha mzigo uliomfunika hadi magotini, akateremka nao. Jirani akapaza sauti kutoka migombani:

"Ta Ishengoma, njoo uone! Nyasi zako zinatembea zenyewe!"

Sauti ikajibu kutoka ndani ya mzigo, kwa hasira: "Si nyasi. Ni mimi."

Waliocheka siku ile karibu wote wamelala chini ya migomba hii. Rweya nayo imekufa. Imepandwa misonobari, na chini ya msonobari haioti hata nyasi ya kumdanganyia mbuzi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2005. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu waliandika kwamba ni mtulivu na mbishi, na baba yake aliona wamemwelewa. Baadaye alijifunza ushonaji mjini Bukoba, na cherehani ndiyo ikawa kazi yake mpaka siku alipoishiwa nguvu za kukanyaga pedeli. Alishona sare za shule. Baadhi ya watoto waliopangwa hapo mbele kuimba wamevaa mikono yake.

Tarehe 10 Septemba 2011 alifunga ndoa na Bwana Masele, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani. Walijaliwa mtoto mmoja, Mwesiga, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2014. Mtoto huyo hakuwa mtu wa kubebwa na kila mkono. Kelele zilimuumiza, mishono ya nguo ilimchoma, na kwenye sakafu ya saruji hakukubali kukaa: alisimama, akazunguka, akapiga mayowe hadi sauti ikakauka. Ukoo ukasema ni damu ya ziwani. Wengine wakasema amerogwa. Mwaka 2017 daktari mjini alisema ni usonji, na Petronila akaja kumweleza baba yake.

"Unatibiwa na nini?" mzee akauliza.

"Hautibiwi, Taata. Anahitaji shule itakayomwelewa."

Mzee alimkumbuka kaka wa babu yake, ambaye hakutamka neno maisha yake yote. Alipewa kazi ya kutunza moto wa nyumba, na moto haukuzimika hata siku moja. Hakuwa na jina la ugonjwa. Aliitwa mwenye moto.

Mwaka 2018 Bwana Masele alirudi kisiwani. Alisema, "Mama Mwesiga, naenda kutafuta." Hadi leo anatafuta.

Petronila akarudi na mtoto kwa baba yake. Mzee Ishengoma alikuwa amebaki peke yake kijijini mwenye chumba kilichotandikwa nyasi, ambazo alizifuata mbali, na watu walimcheka kwamba analala kama ndama. Mwesiga aliingia chumba kile, akavua viatu, akakanyaga, akainama kunusa. Kisha akakaa. Akala ndizi zake zote akiwa amekaa, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusimama. Petronila alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa kanga, akiogopa kwamba hata pumzi yake ingemwinua.

Januari 2020 akampeleka shule ya jirani. Mwalimu aliyempokea alimtazama mtoto akizunguka uwanjani, akasema, "Mama, hapa tunafundisha watoto. Huyu mpeleke kwa wataalamu."

Ndipo akahamia Bukoba mjini, mtaa wa Bakoba, akapanga chumba na kuweka cherehani barazani. Alizunguka shule hadi shule. Jibu lilikuwa moja, limebadilishwa nguo tu: akijua kukaa, mlete. Yaani mtoto ajifunze kwanza nje ya shule, ndipo astahili kuingia shuleni. Kaka yake Kamala, mwenye duka na nyumba nzuri Miembeni, alimwambia mbele ya wageni, "Dada, wewe unashona sare za watoto wa watu. Huyo wako mshonee gunia, akakae na baba kijijini, wote wawili wanapenda majani." Wageni walicheka. Kamala yupo hapa. Ndiye aliyelipia turubai, na ameshukuriwa tayari, kwa hiyo hatutarudia.

Januari 2022 mwalimu mmoja, Bibi Nuriat, alikubali kumpokea. Hakuwa na mafunzo ya watoto wa namna hiyo, na alilisema hilo waziwazi.

"Mimi sijui, Mama Mwesiga. Nifundishe wewe. Akiwa nyumbani anakaaje?"

"Kwenye nyasi, mwalimu."

"Basi lete nyasi."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumatatu alfajiri, Petronila alipanda vilima vya juu ya mji ambako rweya imesalia vipande vipande, akakata, akatandika pembe moja ya darasa. Alimvalisha Mwesiga sare iliyogeuzwa, mishono ikiwa nje, ili isimchome. Mtoto akakaa. Akaandika. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa akisoma kwa sauti mabango yote ya maduka kutoka Bakoba hadi Miembeni, na mama yake akitembea nyuma kama anayesikiliza redio ya habari njema. Wenzake darasani walianza kugombania kukaa kwenye pembe ya nyasi.

Oktoba 2023 Petronila aligundua uvimbe katika titi. Hospitali haikumficha: alitakiwa kwenda Mwanza, atibiwe kwa wiki nyingi. Akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya mtoto.

"Akikosa mwezi, nafasi anapewa mwingine," akajibiwa. "Wapo wazima wanaoingoja."

Aliomba kwa Kamala. Mke wa Kamala akasema nyumba yao ina vigae, mtoto atateleza. Baba yake akamtumia ujumbe: mlete kwangu, nenda ukatibiwe. Petronila akapiga simu, na maneno yake mzee ameyahifadhi kama alivyoyasikia:

"Taata, kwako atakaa, lakini hatasoma. Wewe una miaka mingapi ya kuishi? Na wewe ukifa, atakaa kwa nani? Nimetafuta nafasi hii kuliko nilivyotafuta mume. Siiachi."

Hakwenda Mwanza.

Februari 2024 wafadhili waliliwekea lile darasa vigae. Kulikuwa na utepe, hotuba na soda. Mwesiga alipigwa picha ameshikwa bega na mgeni, akiwa ameziba masikio. Bibi Nuriat alikuwa amekwisha hamishwa. Kesho yake nyasi alizotandika Petronila juu ya vigae zilifagiliwa zikachomwa. Petronila alipouliza, mwalimu mkuu alisema, "Mama, darasa si zizi." Mwesiga alisimama juu ya vigae vile, akapiga mayowe, akajigonga kichwa ukutani mpaka damu ikachuruzika kwenye sare. Hata hivyo jina lake halikufutwa. Lingefutwaje, na picha yake ilikuwa imetundikwa ofisini? Uongozi wa shule ukaamua afike kila siku, lakini akae nje na mama yake.

Petronila akatandika nyasi nje, chini ya dirisha la darasa, penye kivuli cha bati. Cherehani akaiacha mpaka jioni. Waliketi pale wawili, mtoto na daftari, mama na ugonjwa wake, wakisikiliza somo. Mwesiga alipokuwa anajua jibu alilitamka kwa nguvu kutoka nje, na darasa likacheka, na mara nyingi jibu lilikuwa sahihi. Wakafunga dirisha.

Ugonjwa ulifika kwenye mapafu mwaka huu. Petronila alifariki dunia alfajiri ya Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, chumbani kwake Bakoba, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Madaktari wameandika saratani, nao wameandika kweli. Lakini saratani haikumzuia kwenda Mwanza.

Ukoo unashukuru wote mliofika. Uongozi wa shule umeleta shada kubwa la maua ya plastiki, mzee analiona.

Mmetandika nyasi ndani ya nyumba ya msiba, kama mila inavyotaka. Kumbe bado mnakumbuka. Tangu mtoto alipofikishwa hapa Jumapili amekaa juu yake bila kulia, nanyi mmekuwa mkinong'onezana, "Tazama, waitu, hata hajui kwamba mama yake amekufa." Jana, kabla ya jua kuchomoza, aliamka, akavaa sare, mishono nje, akaanza kukusanya nyasi za msiba kutoka miguuni penu na kuzifunga mzigo. Akinamama wakapiga kelele, "Anavuruga msiba!" Mjomba wake Kamala akamzaba kofi mbele ya jeneza la dada yake.

Jana ilikuwa Jumatatu.

Marehemu ameacha baba, Mzee Ishengoma. Kaka, Bwana Kamala. Mume, Bwana Masele, ambaye ametuma salamu kutoka kisiwani. Na mtoto mmoja, Mwesiga, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, asiye na mahali pa kukaa akasoma. Matanga yakiondolewa Alhamisi, nyasi zitafagiliwa. Kila mmoja wenu atakaposhika ufagio ajue anafagia nini.

Mara ya mwisho Mzee Ishengoma kuwaona wawili hao ilikuwa Jumatatu tarehe 14 Julai. Alikwenda Bakoba kumsihi binti yake kwa mara ya mwisho arudi nyumbani. Alimkuta amekonda, kanga imezunguka mwili mara mbili, na mzigo wa nyasi uko tayari mlangoni.

"Nipe nikubebee," mzee akasema.

"Rudi stendi, Taata, gari litakuacha. Leo wanaanza kugawanya kwa tarakimu mbili."

Hakuweza kuuinua peke yake. Mwesiga, ambaye hapendi kuguswa, aliingia chini ya mzigo upande wa pili bila kuambiwa, akaukweza kichwani. Wakaanza kupanda mlima kuelekea shuleni. Mzee alisimama barabarani. Mzigo uliwafunika wote wawili hadi magotini, na kutoka pale alipokuwa hakuona binti wala mjukuu, bali nyasi tu zenye miguu minne. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akishuka alicheka, akawanyooshea kidole, akawaita wenzake waje kutazama.

Mzee aliingoja ile sauti ya mwaka tisini na tatu itoke ndani ya mzigo, iseme si nyasi. Hakusikia kitu. Huenda alikuwa anahifadhi pumzi za mlima.

Petronila apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki Mungu atunyime amani hiyo, mpaka Mwesiga apate pa kukaa.