Nasambu Amesimama Darajani

NAKHUMICHA: Haloo? Nani huyo?

ODERO: Ni Odero. Sasa, Nakhumicha?

NAKHUMICHA: Poa, lakini harakisha. Mvua imekata laini nikiwa ndani ya mchezo. Nilikuwa nataka kuunganisha kompyuta tena kwa laini hii hii ya simu, simu ikalia.

ODERO: Bosi wako Mzee Ebrahim yuko?

NAKHUMICHA: Ijumaa, ameenda msikitini. Nimebaki na ndoo ya deki. [mkwaruzo] Sema.

ODERO: Jirani yenu, Jitendra wa duka la picha, amekuambia yaliyompata Amrit ndani ya mchezo?

NAKHUMICHA: Mara mbili. Anaapa aliona kwa kompyuta yake. Amrit amesimama tu, Mwenye Kinyago akaja, akamkata mkono wa kulia. Upanga wa Amrit haujafika chini ameshaudaka, akamchoma nao tumboni. Halafu akamburuta kwa nywele mpaka mtoni.

ODERO: Jitendra huyo, huongeza chumvi —

NAKHUMICHA: Alichapisha yote kwa karatasi. Nimeisoma.

ODERO: Basi mimi nasema Kinyago ni mtu wa mashine, hakuna anayemcheza. Michezo hii yote lazima iwe na jitu la kulinda daraja.

NAKHUMICHA: Mtu wa mashine hurudia. Zimwi la kisimani husema njaa inaniuma, linapiga mara tatu, linapumua. Nimelihesabu wiki mbili nimejibanza kichakani. Huyu hapumui. Na aliye macho hamgusi.

ODERO: Macho vipi?

NAKHUMICHA: Anaua wale laini imekatika. Mwili unabaki umesimama kama gogo, mwenyewe hayuko wa kuinua ngao.

ODERO: Walioandika mchezo walitaka mwoga mmoja kwa hadithi, basi.

NAKHUMICHA: Mwoga wa hadithi hahesabu. Amrit alikuwa wa sita. Wanasema anayeua saba anapewa ngome —

ODERO: Huo ni uvumi.

NAKHUMICHA: Si wewe uliuleta?

ODERO: Huyo Nasambu unayemcheza amebakisha roho ngapi?

NAKHUMICHA: Moja. Ameshakufa mara mbili, akifa tena jina linafutwa. Mwaka mzima, Odero, saa ya lunch wengine wakila. Na ni jina la kukhu, nyanya aliyenilea. Hebu niachie laini, nimemwacha amesimama —

ODERO: Darajani, eh.

NAKHUMICHA: Sijasema darajani.

ODERO: Umesema.

NAKHUMICHA: Sijasema. [mkwaruzo] Na huko nini kinagonga-gonga?

ODERO: Mvua, kwa mabati.

NAKHUMICHA: Ofisi yenu iko ghorofa ya nne kati ya kumi.

ODERO: Nachapa barua ya bosi, basi.

NAKHUMICHA: Kwa kompyuta iliyo na laini yake ya simu. Amrit alikuwa kwa simu akiuawa. Nilimuuliza na nani. Akasema na jamaa fulani, alitaka tu kujua Kinyago ni mtu au ni mashine.

ODERO: Kila mtu anauliza hiyo.

NAKHUMICHA: Naweka simu.

ODERO: Weka.

[simu inawekwa, inainuliwa]

NAKHUMICHA: Bado uko.

ODERO: Si unajua simu zetu. Laini haikatiki mpaka aliyepiga aweke.

NAKHUMICHA: Mkono wa kulia umeshaukata?

ODERO: Wewe wa darasa la nane, wa kupiga deki, ngome utaifanyia nini? Si kazi yako ni kujibanza uangalie?

NAKHUMICHA: Kweli, naangalia. Ndio najua ngao ya Nasambu ni ya ngozi ya kiboko. Inavumilia mapigo matano hata akiwa amelala. Kwa hivyo bado hajafa.

[vitufe]

NAKHUMICHA: Yamebaki manne.

[vitufe]

NAKHUMICHA: Matatu. Ukiweka sasa naingia kabla ya pigo la mwisho. Sitamwambia Jitendra. Sitamwambia Amrit.

[vitufe]

NAKHUMICHA: Mawili. Odero, nisikie, ni kukhu yangu huyo. Weka simu chini.

[vitufe]

NAKHUMICHA: Limebaki moja. Odero?