Sori Aliyonyimwa Ron

Benchi letu liko mbele ya duka la chipsi, linatazamana na kanisa dogo la wachimba makaa. Asubuhi ile tulikuwa watatu na chupa moja ya chai: mimi, Tosh anayejua kila kitu, na Hedley, aliyevaa tai nyeusi. Ng'ambo ya barabara gari la maiti lilikuwa limemleta Ron, mdogo wake Hedley. Wakati wa ule mgomo mkubwa wa wachimba makaa Ron aliwasaliti wenzake, akarudi mgodini kabla mgomo haujaisha. Hedley akamvunjia madirisha, watoto wakiwa ndani, na kwa miaka arobaini hawakusemezana. Tulijua yote hayo, basi ili tusiyaguse tukaongea habari za neno “sori”.

— Sisi Waingereza bwana, Tosh akaanza, neno letu ni hilo hilo. Unataka kupita, sori. Hujasikia, sori.

— Ukikanyagwa mguu, nikadakia, unayeomba sori ni wewe.

— Jana nimegonga nguzo ya taa, nikaiambia sori.

— Ikasemaje?

— Kimya. Ndiyo wahenga wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hilo linaingiaje hapa, Tosh?

— Linaingia. Tena nakwambia, mtu anazaliwa na sori zake elfu tisini. Akizimaliza kwa nguzo na mapaka, za ndugu hazibaki.

Akajishika mdomo, kachelewa.

— Niliandika kadi, Hedley akasema. Krismasi ya juzi.

— Ukaituma?

— Ipo kabatini.

Nikammiminia chai, hakuigusa. Msichana mwenye gauni jeusi akavuka barabara. Alikuwa mjukuu wa Ron.

— Habari za asubuhi, wazee. Tumepungukiwa mbebaji mmoja wa jeneza. Babu alisema pale mbele kushoto asishike mtu, ni pa kaka yake. Ni nani kati yenu?

Nikamtazama Tosh, Tosh akatazama viatu. Halikuwa letu kujibu. Hedley alifungua mdomo, akaufunga, akakaza tai yake. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.

Msichana alisubiri kidogo, akaangalia saa, akarudi. Dereva wa gari la maiti akavua glavu, akaingiza bega lake mbele kushoto.