Pishi ya Mwahija

Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mitihani ya Majaribio. Ndugu Mkuu wa Shule. Walimu wetu mliobaki. Wazazi wetu mliofyatua matofali ya jengo hili: shikamooni.

MAKARIBISHO

Karibu sana Mwamhoja. Tunajua umetoka mbali na vumbi umelila. Uwanja tumeufagia tangu juzi, mawe tumeyapaka chokaa, na huo utepe utakaoukata tumeuazima kwa fundi cherehani, kwa hiyo tunakuomba uukate pembeni. Mkuu wa Shule ametuagiza risala iwe fupi na ya kufurahisha. Upande wa ufupi tutajitahidi.

Anayekusomea ni Silvesta, kwa niaba ya kidato cha nne. Aliyestahili kusimama hapa ni Mwahija binti Akida, maana yeye ndiye msomaji wetu siku zote. Hayupo. Wewe unajua kwa nini hayupo, lakini wazazi hawa waliokaa juani hawajui, nasi tumeona si adabu kuwaficha.

HISTORIA YA KIKUNDI CHETU

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa Mwalimu Otmar, mtu wa Ushirombo. Mwanzoni mwa mwaka 1979, sisi tukiwa kidato cha pili, aliitwa vitani. Tulimsindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, wala hakuletwa mwingine. Kipindi cha kemia kikawa kipindi cha kupalilia pamba ya shule.

Mwahija ndiye aliyechoka kwanza. Yeye ni mtoto wa soko la Geita, mama yake anauza nafaka pale, na tangu darasa la kwanza alikuwa akisema atakuwa daktari. Siku moja akaliweka jembe chini katikati ya tuta.

"Jamani, sisi ni vibarua au wanafunzi?"

"Mwalimu hayupo, mayu. Utafanyaje?" akamjibu Maduhu, ambaye kwao hata mbuzi huitwa kwa Kisukuma na huwa hakubali jambo upesi.

"Tufundishane."

"Nani anajua?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana nimesema tufundishane. Ningekuwa najua ningesema nitawafundisha."

Basi kikundi kikaanza hivyo, chini ya paa la stoo ya pamba.

MAFANIKIO

Tindikali tuliijua kwa ndimu. Tuliikamulia ndimu kwenye magadi, yakafoka mpaka mwenzetu Generoza akapiga kelele, nasi tukaandika kilichotokea. Majivu tuliyachuja, maji yake yakateleza vidoleni kama sabuni, na kwa kuwa sabuni yenyewe ilikuwa imeadimika, tukafulia.

Namna atomu zinavyoungana ilitushinda, mpaka Mwahija akatusimamisha uwanjani. Akasema oksijeni ana mikono miwili, haidrojeni ana mmoja tu. Yeye akawa oksijeni, Maduhu na Silvesta wakawa haidrojeni, wakamshika huku na huku. Matroni Paskazia akatokea.

"Mnafanya nini ninyi?"

"Shikamoo, Mama. Tunatengeneza maji."

Akatuadhibu kwa kuchota maji kisimani wiki nzima. Hata hivyo, Mgeni Rasmi, hakuna hata mmoja wetu aliyelikosa swali la maji katika mtihani wako. Katika hotuba uliyoiandaa hilo limo? Tunadhani hapana.

MATATIZO

Mkuu wa Shule alitaka sehemu hii iwe mistari mitatu. Tunamwomba radhi hapa mbele ya watu.

Kitabu cha kemia kilikuwa kimoja, na kilitufikia kikiwa kimechakaa. Sura ya moli haikuwamo. Mtu fulani alikuwa amekwisha kuzichana kurasa zake akasokotea tumbaku. Lilibaki jina la sura tu, na mstari mmoja unaosema kuwa moli ni kipimo cha wanakemia.

Kipimo! Mwahija aliposoma neno hilo alicheka kwa furaha. Kama kuna kitu alichokijua duniani ni vipimo. Likizo ilipokwisha alirudi na pishi ya mama yake, lile kopo la bati linalopimia nafaka, akalijaza mtama, akalimwaga, akalijaza karanga.

"Mnaona? Moli ndiyo pishi yao."

Maduhu akakuna kichwa. "Sasa mtama si ndio wenye punje nyingi?"

"Ndiyo! Kwa sababu punje zake ni ndogo. Atomu zikiwa ndogo, zinaingia nyingi."

Ilikuwa kosa, wazazi wetu, lakini tungejuaje? Lilikuwa limekaa vizuri kichwani. Tulilirudia mpaka wazito wote wakalishika, na kikundi tukakipa jina la Pishi.

Mtihani wa majaribio ukaja. Swali likauliza: moli moja ya kaboni na moli moja ya chuma, ipi ina atomu nyingi zaidi, na kwa nini? Darasa zima tulijibu kaboni, kwa sababu atomu zake ni ndogo, kama vile pishi ya mtama inavyopita pishi ya karanga kwa punje. Neno pishi hatukujua Kiingereza chake, tukaliacha lilivyo. Karatasi zetu zote zikakufikia na kosa moja na pishi moja.

Mgeni Rasmi, ungetuuliza. Badala yake mlisema tumeibiana majibu.

Kamati yako ikaitisha kikao, na wewe mwenyewe ulikaa katikati ya meza. Mwahija alisimama mbele yako, Maduhu na Silvesta wakawekwa ukutani kuwa mashahidi.

"Nani aliyewagawia majibu?" uliuliza.

"Ni mimi niliyewafundisha, mzee."

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana. Mwalimu hatuna."

"Jibu sahihi watu wanaweza kulipata wote. Kosa moja, darasa zima, hilo ni wizi."

"Sikujua kama ni kosa."

Hapo mjumbe mmoja, mtu mpole, akamwambia: "Binti, moli ni idadi. Unahesabu atomu, hujazi chombo."

Na Mwahija, jamani, akasahau kuwa ameshtakiwa. Uso ukamchangamka. "Kumbe! Kwa hiyo ya kaboni na ya chuma zina idadi sawa, ila uzito ndio tofauti?"

Ukamwambia anyamaze.

Lilikuwa somo la kwanza la kemia tulilofundishwa na mtu mzima tangu Mwalimu Otmar aondoke, nalo tulilipata kwenye kikao cha kumfukuza mwenzetu. Sisi mlitupa onyo. Jina lake mlilifuta katika mtihani wa mwisho, na kesho yake akapandishwa juu ya lori la pamba pamoja na sanduku lake. Tulisimama kando ya barabara tukiona aibu hata kumpungia mkono. Yeye hakuwa na habari ya aibu. Lori linaondoka, naye ameshika turubai anapiga kelele:

"Maduhu! Siyo pishi! Ni dazani! Waambie ni kama dazani!"

Kule kwao Kalangalala, mjini Geita, majirani wanasema amerudishwa kwa sababu ya mimba. Mama yake amekoma kubisha. Yeye mwenyewe anapima mtama sokoni, kwa pishi ileile, na tunaambiwa hapendi kuulizwa habari za shule. Inatuuma sana.

MAOMBI

Maabara utakayoifungua ina madirisha, na tunawashukuru wazazi. Haina bomba, haina chupa hata moja, wala haina mwalimu. Mkuu wa Shule alitaka tuviombe hivyo vyote. Tutaviomba mwakani, au watakaotufuata wataviomba.

Leo tunaomba jambo moja. Mwahija arudishiwe jina lake kabla ya mtihani wa Novemba. Kama pishi ni wizi, sote tuliandika pishi. Tufute sote leo hii, mbele ya wazazi, kisha ukate utepe. Na kama si wizi, gari lako linapita Geita jioni hii. Soko liko kando ya barabara.

Mgeni hapewi mkono mtupu. Maduhu anakuletea vikapu viwili, kimoja kina dazani ya mayai ya bata, cha pili kina dazani ya karanga. Usicheke, Mgeni Rasmi, uchache wa karanga si uchoyo. Uviinue vyote viwili, kila mkono kimoja. Kimoja kizito, kimoja hukisikii, na idadi ni ileile. Hivyo ndivyo tunavyoijua moli sasa, na aliyetufundisha ulimwondoa wewe.

Mungu akufikishe salama kwa jamaa zako, na awajalie watoto wako wasikose wa kuwafundisha.

Ni sisi,
Kikundi cha Pishi,
Kidato cha Nne, Shule ya Sekondari Mwamhoja,
Septemba 1981.
Jina hatujalibadili. Tunamngoja mwenyewe aje alibadili.