Gumersindo Albiol, Kauboi wa Mtaa wa Ruzafa

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 1972, Don Gumersindo Albiol anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na vitabu 1,312 vya kauboi. Wasomaji wanamjua kama Burt Hannigan, jina alilopewa na kampuni yetu ya vitabu siku aliyoajiriwa. Jina lake mwenyewe halijawahi kuonekana kwenye jalada hata moja. Hilo linamuuma, ingawa hujifanya halimuumi.

Karibu kila Jumatatu saa tatu asubuhi alileta kitabu kizima, kurasa tisini na sita kamili, maana karatasi za mtambo wetu wa kuchapa hukunjwa hivyo na hazibembelezeki. Hadithi ikipungua, aliongeza mapigano. Ikizidi, aliua watu. Mwaka 1958 alifyeka ukoo mzima kwa mafuriko, ndani ya aya moja, tena jangwani! Tulipomuuliza, alishangaa. "Sasa ningefanyaje, jamani? Ilibaki nusu ukurasa."

Yeye mwenyewe anaogopa farasi. Yule wa kukokota gari la maziwa mtaani kwao Ruzafa humfanya avuke barabara kumkwepa. Na mashujaa wake, hata wakiwa katikati ya Arizona, Jumapili mchana lazima wale wali wa sungura na konokono, kama nyumbani kwake. Sisi wasahihishaji tuliufuta wali huo miaka ishirini, naye akaurudisha miaka ishirini. Tukasalimu amri.

Mwezi uliopita aliomba zawadi moja tu ya kuagwa: kitabu cha mwisho kitoke kwa jina lake. Mkurugenzi wetu, Don Fulgencio, alicheka mpaka akakohoa. "We Gumersindo, nani atanunua kauboi anayeitwa Albiol? Watadhani ni duka la viatu!" Gumersindo naye akacheka, akavaa kofia, akaenda zake. Tuliopishana naye kwenye ngazi tuliona macho yake, na roho zilituuma.

Kwa hiyo, Don Fulgencio, ukifika hapa katika kusoma jarida letu la kampuni, tafadhali usiishie hapo. Honorat wa chumba cha chapa alipanga jalada jingine, sisi wasahihishaji tukalitia sahihi, na nakala elfu thelathini zimeshaondoka na treni ya asubuhi. Ukitaka kutufukuza, tuko kumi na wanne, majina yetu yako ukurasa huu, safu ya tatu.

Gumersindo, ahsante sana, ndugu yetu. Tunakuombea afya njema, na Jumatatu nyingi za kulala mpaka uchoke. Ila leo jioni pitia kibanda cha magazeti pale stesheni. Simama pembeni, nyamaza, umwone mtu usiyemjua akitoa pesa mfukoni na kuondoka na jina lako kwapani.