Mmea Niliousalimia Kila Asubuhi

Wapendwa, nashukuru kuwaona. Mama yangu amekaa pale kwenye mkeka karibu na mlango, na nimemwomba ruhusa kabla ya kusimama. Amesema niseme yote, ila nisirefushe.

Mnajua nilikuwa kusini, nchi ya watu, miaka miwili, nalima nyanya. Mliniombea humu humu ndani, na zile nyanya mkaziombea pia. Ndugu zangu, nawaambia leo, sikulima nyanya hata moja. Nililima bangi.

Naona mnatazamana. Tulieni, sijaja na mbegu. Hapa kwetu ni kosa, na mimi sijasimama kuitetea. Kule shamba lilikuwa na kibali cha serikali na walinzi getini, na mavuno yalikwenda kiwandani kutengenezwa dawa za wagonjwa. Kazi ilikuwa halali. Uongo ndio ulikuwa wangu.

Ilianza hivi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kitalu cha miti kule kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa nikarudi Kibondo kukaa tu. Siku moja fundi tuliyefanya naye kazi akanipigia simu, akasema kuna shamba linatafuta watu wanaojua kulea miche, na hakunificha ni shamba la nini. Nikakubali palepale. Kisha nikaingia jikoni nikamwambia mama: ni nyanya.

Ningemwambiaje? Nina kaka yangu, simtaji, mnamjua. Ndiye yule anayetembea toka stendi mpaka sokoni na koti la mvua jua likiwaka. Mama anaamini ni bangi iliyomharibu, na tangu hapo neno hilo halikutamkwa tena nyumbani kwetu. Mimi niende kuilima? Niliona ningemuua.

Basi nikaenda. Shamba lile ni nyumba ndefu za nailoni, na kila mkulima ana nyumba yake. Asubuhi unaoga, unavaa nguo zao, glovu, kofia ya wavu juu ya kilemba chako, simu unaiacha getini. Unaingia peke yako na unatoka peke yako, usipeleke ugonjwa wa mmea nyumba nyingine. Lugha ya wenzangu nilikuwa siijui. Kulikuwa na siku nilifika kitandani sijafungua mdomo ila kwa kula.

Jumapili nampigia mama. Anauliza, "Nyanya zinaendeleaje?" Nasema zimeanza kuiva. Wiki nyingine nasema zimeshikwa na ukungu. Nilikuwa nasikiliza vipindi vya kilimo vya redio za kwetu kwenye simu ili nipate la kumdanganya. Na ukishadanganya kuhusu kazi yako, huna tena cha kusimulia, maana siku yako yote iko mle. Nilikuwa naongea na mama yangu mzazi huku nimemkumbuka, kana kwamba aliyepokea simu ni mtu mwingine. Nililia sana kule, wapendwa, sioni haya kusema.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Karibu na mlango wa nyumba yangu palikuwa na mmea mmoja mrefu kuliko yote. Nikaanza kuusalimia. Kila asubuhi, "Mwakeye," kwa Kiha chetu, na wakati wa kutoka nauaga. Ilianza kama mchezo. Baadaye nikawa nausimulia habari za nyumbani, mpaka za kaka yangu nikausimulia. Cheka tu, bibi, hata mimi nacheka.

Bangi ya dawa inatakiwa iwe ya kike tupu. Kazi yetu kubwa ilikuwa kukagua kila tawi, na ukiona vijipira vidogo kama punje za mtama, huo ni mmea dume, unang'oa saa hiyohiyo. Vijipira vikipasuka vinatoa unga, nyumba nzima inashika mbegu, na maua yenye mbegu kiwanda hakiyataki. Asubuhi moja nikaviona vijipira. Viko kwenye mmea wangu wa mlangoni.

Sikuung'oa. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu vikapasuka.

Baada ya majuma machache nyumba nzima ilikuwa na mbegu. Msimamizi, mama mmoja mkali anayejua Kiswahili kidogo, akaniita. Ningeweza kusema wavu wa dirishani ulitoboka, unga ukatoka kwa jirani. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, ndugu zangu, nimechoka kutunga. Nikamwambia niliona na sikung'oa. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Nilikuwa nasalimiana nao."

Hakucheka. Akasema, "Kumbe huna mtu."

Nyumba akaninyang'anya, na alifanya haki. Akanipeleka kuosha trei na wanawake sita wanaoimba kutwa nzima. Jumapili hiyo nikampigia mama nikamwambia yote, mmea na uongo. Simu ikakatika, na wiki tatu nzima hakupokea. Nikajua nimempoteza.

Mkataba ulipokwisha nikarudi. Nilishuka stendi hapa na begi langu nikiogopa hata kuvuka barabara. Nikamkuta mama uani anachambua maharage. Nikapiga magoti nikamsalimia, akaitikia, akanisogezea ungo tuchambue wote. Tulichambua mpaka yakakaribia kwisha. Ndipo akasema:

"Ulipokuja likizo Krismasi ya mwaka wa kwanza nilikufulia kilemba. Harufu ile naijua. Nguo za kaka yako nilizifua miaka mingi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuniuliza habari za nyanya mwaka mzima. Akasema, "Ningekuuliza nini kingine, nawe usikate simu?"

Kwa hiyo alikuwa peke yake upande wake, na mimi peke yangu upande wangu, na nyanya katikati ambazo hazipo. Simu hakuipokea, alisema, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka nisikie.

Namshukuru yule msimamizi mkali. Nawashukuru wale sita. Nawashukuru akina mama mliokuwa mnakuja kukaa na mama yangu, mkidhani anaumwa miguu, kumbe ni mimi. Sasa nina kitalu changu cha miche kule bondeni, na safari hii nyanya ni nyanya, njooni mzione.

Funzo langu ni dogo. Nimejua mtu anavyokuwa asiposalimiwa, mpaka anasalimia majani. Kesho wengi wenu mtapita sokoni. Mtamkuta kaka yangu na koti lake. Msimpe kitu. Mwambieni mwakeye, na mtaje jina lake. Mimi nilianza juzi. Jana aliitikia.