Kopo la Tatu la Fundi Ndalahwa

Kijiwe chetu kipo Igoma, kando ya barabara ya Musoma, kwenye kibaraza cha fundi redio Ndalahwa. Mimi ni fundi viatu na shule niliishia la saba, kwa hiyo mambo ya mitambo nayasema kama nilivyoyaona, sio kama nilivyoyasoma. Mwaka huu ambao kila mtu anafungua kitu, huyu duka la mitumba, yule banda la minofu ya sangara, Ndalahwa alijifungia nyumbani miezi minane akatoka na kinanda. Hakukinunua. Ni makopo saba ya maziwa ya unga yaliyopangwa kwenye rafu, na kila kopo lina kazi yake: moja linazaa mlio, jingine linaupunguza ukali, jingine linaamua mlio uanze taratibu au ghafla. Yanaunganishwa kwa waya za kuchomeka na kuchomoa. Ukihamisha waya, filimbi inageuka zeze. Nakiri mbele za Mungu, nilipokisikia mara ya kwanza nililia, nikasingizia vumbi. Tangu siku ile tulisogeza benchi letu mpaka kwenye rafu yake, Shaibu muuza kahawa naye akasogeza jiko, tukawa hatubanduki. Sasa Jumapili hii kanisa letu jipya linafunguliwa, na wazee wa kanisa wamesema watakuja leo Ijumaa saa kumi kukisikiliza. Kikienda sawa, kitaongoza kwaya. Kikipotea, hakitaingia kanisani, na Ndalahwa ameshasema atakibomoa arudie redio za watu. Na kopo la tatu, lile linalozaa mlio, ambalo yeye analiita osileta, linaumwa: ukibonyeza, sauti inatoka sawa, halafu inapanda yenyewe polepole, mpaka waimbaji wanabaki chini nacho kiko juu.

Ilikuwa saa nane mchana. Ndalahwa kashika pasi yake ya kulehemu, macho mekundu.

NDALAHWA: Nimebadilisha kapasita. Nimebadilisha transista. Kila kiungo nimekilehemu upya. Sikilizeni.

Akabonyeza. Mlio ukatoka mnene, mtamu, hata muuza mihogo wa jirani akaacha kukata. Haukupita muda ukaanza kupanda.

Wa kwanza kusema alikuwa Bashiru, tunayemwita Shotiwevu. Alilinda mlingoti wa redio miaka sita, na tangu hapo anajihesabu kuwa alisomea.

SHOTIWEVU: Si nilisema? Mawimbi hayo. Zamani hewani kulikuwa na redio moja, mlio unapita katikati ya njia hauguswi na mtu. Siku hizi stesheni zinafunguliwa kama vibanda vya chipsi. Hewa imejaa! Mlio wa fundi unasukumwa huku na huku, utakwenda wapi? Juu.

SHAIBU: Wiki iliyopita ulisema umeme. Fundi akahamia betri ya gari, kikapanda vilevile.

SHOTIWEVU: Ule ulikuwa utangulizi.

Ngosha akakohoa. Tunamwita Bunge, kwa sababu hata ukimuuliza saa anaanza na historia.

BUNGE: Ndugu wajumbe, twende kwenye asili. Fundi, transista zile ulizitoa wapi?

NDALAHWA: Kwenye redio kuukuu ya ofisi ya kijiji.

BUNGE: Mnaona! Redio ile imesikiliza chama kimoja miaka thelathini. Leo vyama ni kumi na ngapi? Transista imechanganyikiwa, haijui ishike mstari upi.

SHOTIWEVU: Kwani transista ina kadi ya chama?

BUNGE: Wewe mwenyewe ulikuwa nayo. Iko wapi sasa?

SHAIBU: Mimi naona ni ndege. Zile kubwa zinazobeba minofu. Ikipita hapo juu bati linatetemeka, na mlio unaifuata. Ndege inapanda, nao unapanda.

BUNGE: Na ndege ikiwa inatua je?

SHAIBU: Zikitua huwa nimekwenda kuswali. Sijasikia.

Na mimi sikubaki nyuma, Mungu anisamehe.

MIMI: Fundi, mimi naogopa ni sifa zetu. Tumekusifu wewe kuliko aliyekupa akili. Labda ungefunga, siku moja tu.

NDALAHWA: Nilifunga jana, kaka. Kilipanda na njaa yake.

Tukacheka, na yeye akacheka. Kisha akafungua kopo la tatu, na sote tukainama kuchungulia kama tulivyozoea. Vidude vidogo vimesimama kwa mistari, kila kiungo kina tone la risasi linalong'aa. Hakuna aliyemfundisha mtu yule. Funguo za kinanda alizichonga mwenyewe kwa mninga, ishirini na tano, na ukizipitishia kidole huoni ipi kubwa ipi ndogo.

BUNGE: Hiki siku moja kitawekwa makumbusho, Bujora.

SHOTIWEVU: Bujora wanaweka vya kale. Hiki hakijamaliza kuzaliwa.

Saa tisa akafika Odeta. Sisi tulikuwa hatumjui. Alitoka Sengerema kwa kivuko cha mchana, kwa kuwa ndiye atakayeimba ubeti wa kwanza Jumapili, peke yake na kinanda.

ODETA: Shikamooni.

SOTE: Marahaba, mama. Karibu.

Tukabanana tukampa nafasi kwenye benchi. Shaibu akachochea makaa ampe mgeni kahawa ya moto. Ndalahwa akabonyeza, Odeta akafumba macho akaimba. Nilisikia ngozi ikinisisimka. Walikwenda pamoja kama watu wawili waliobeba ndoo moja, halafu kopo likaanza kumwacha. Odeta alivumilia, alivumilia, akanyamaza.

ODETA: Fundi, unanikimbia.

NDALAHWA: Si mimi, dada. (Akalaza pasi yake mezani.) Wazee wakija ni hivihivi. Basi. Nimeshindwa.

Odeta akatutazama mmoja mmoja, vikombe mkononi, magoti yetu yamegusa rafu.

ODETA: Na nyie mkiwa hampo, kinapanda?

Mimi nilihesabu siku kichwani: tangu benchi lisogezwe, fundi anatukuta asubuhi akija kufungua, na anatuaga akifunga. Siku ambayo hatukuwepo, sikuiona. Tukamgeukia Ndalahwa.

NDALAHWA: Hapa sijawahi kukaa nacho peke yangu.

Akanyoosha kiganja akaligusa kopo la tatu. Akakiondoa haraka. Akainama chini ya rafu, akaliona jiko, makaa mekundu yanapumua.

NDALAHWA: Shaibu! Transista ikipata joto mlio unapanda. Nalijua hilo, nalijua siku zote! Kila nikiligusa kopo likiwa la moto nasema ni pasi yangu ya kulehemu, nangoja lipoe. Litapoa saa ngapi? Mnalipika!

SHAIBU: Mimi nilielekezwa kuweka hapo.

Na aliyemwelekeza ni mimi. Naandika hivi bila kujificha. Nilitaka nikinywa kahawa nisipitwe na mlio hata mmoja, na nilimbembeleza Shaibu siku mbili. Halafu nikamwambia mtu afunge.

MIMI: Fundi, nisamehe. Ni mimi.

NDALAHWA: Nimekusamehe, kaka. Lakini ondokeni.

SHOTIWEVU: Kisayansi, hata miili yetu ni joto. Watu wanne, ukizidisha...

BUNGE: Beba benchi, wewe.

Tukabeba. Benchi, vikombe, birika, na jiko ambalo Shaibu alilimwagia maji kwa uchungu, tukavuka barabara yote tukakaa ng'ambo juani. Kule tulimwona fundi akipepea kopo la tatu kwa kipande cha boksi, na Odeta akipepea upande wa pili.

Saa kumi wazee watatu wakafika. Mmoja akatuona, akapaza sauti.

MZEE: Vipi leo, mmemkimbia fundi wenu?

Nilikuwa na kikombe cha kahawa iliyopoa, ya mwisho kwenye birika, nikakiweka chini.

Ndalahwa akabonyeza. Odeta akaanza. Kutoka ng'ambo ile mlio ulikuja mdogo, na tuliegemea mbele wote wanne tuusikie, na wakati huohuo, pale ambapo siku zote huanza kupanda, likaja lori la pamba na trela lake, refu, likafunika kila kitu. Shotiwevu alisimama. Shaibu alikuwa anasema Bismillahi. Mimi nilihesabu magurudumu.

Lori likapita. Vumbi likakaa. Sauti ya Odeta ilikuwa palepale tulipoiacha, na ya kopo la tatu iko ubavuni mwake.